MZAZI NA SKULI YA SERIKALI: HAKI YA KUULIZA NA NJIA YA KUFIKISHA HOJA

Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipoondoa michango ya wazazi katika skuli za msingi mwaka 2015, na baadae katika skuli za sekondari, imezuka fahamu moja isiyo sahihi ambayo inafaa irekebishwe. Wapo wazazi wanaodhani kwamba mkutano wa wazazi ulikuwa ni mkutano wa michango, na kwa kuwa michango imeondoka, basi mkutano nao umemaliza kazi yake. Matokeo yake ni kuwa katika baadhi ya skuli mwalimu mkuu huitisha mkutano wa wazazi wa wanafunzi mia kadhaa, wakafika watu ishirini, wengi wao wakiwa ni wale wale waliofika mara iliyopita.

Ni vyema ikaeleweka kwamba kilichoondoka ni mchango, si sauti ya mzazi. Kamati ya Skuli ipo kama ilivyokuwa, na mkutano wa wazazi upo kama ulivyokuwa. Haki ya mzazi kujua mwanawe anasomeshwa nini, na nani, katika hali gani, haikuwa imenunuliwa kwa mchango hata ikaweza kuondoka pamoja nao. Makala haya yanakusudia kueleza namna wazazi wanavyoweza kukutana, kukubaliana na kuifikisha hoja yao mahala inapostahiki, na namna watumishi wa Serikali wanavyotarajiwa kuipokea.

Sauti ya wazazi katika visiwa hivi ni ya zamani kuliko kamati zenyewe. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, Serikali ya kikoloni ilipofungua skuli katika mashamba, wazazi wengi walikataa kuwapeleka watoto wao. Wapo maofisa wa wakati ule waliolifasiri jambo hilo kuwa ni chuki ya elimu. Haikuwa hivyo, kwani wazazi hao hao walikuwa wakiwapeleka watoto chuoni kila siku na kumtunza mwalimu wa chuo kwa walichojaaliwa kuwa nacho. Walichokikataa ni skuli isiyosomesha Kurani. Hawakuwa na kamati wala barua, wala hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Silaha yao ilikuwa moja tu, nayo ni kumzuia mtoto nyumbani. Hatimae Serikali ile ilisikia, na kufikia miaka ya 1940 usomeshaji wa Kurani ulikuwa umeingizwa katika skuli zake. Hata hivyo, njia ile ilichukua miaka mingi, na katika miaka hiyo watoto wengi walikua bila ya kuingia darasani. Wazazi walishinda, lakini gharama ya ushindi ilibebwa na watoto.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, elimu bila ya malipo ilitangazwa tarehe 23 Septemba ya mwaka huo huo, na mahitaji ya madarasa yakaongezeka kwa kasi kubwa. Hapo ndipo ulipoota mizizi utaratibu unaojulikana na kila mwananchi: wanakijiji hukusanya mawe na mchanga, wakasimamisha kuta kwa nguvu zao, na Serikali ikaezeka na kukamilisha. Skuli nyingi za Unguja na Pemba zina madarasa yaliyoanza kwa namna hiyo. Inashangaza kidogo kwamba watu walioweza kukubaliana juu ya nani atabeba mawe na nani atapika chai ya mafundi, huona uzito kukubaliana juu ya barua ya kurasa moja.

Kwa mujibu wa utaratibu, Kamati ya Skuli inajumuisha wawakilishi wa wazazi, walimu na jamii, na mwalimu mkuu ndiye katibu wake. Kazi yake ni kuwa kiungo baina ya skuli na wananchi, kufuatilia mahudhurio na maendeleo ya wanafunzi, kuangalia majengo na mali za skuli, na kushauri. Kamati haina uwezo wa kumwajiri mwalimu wala kumhamisha, na haifai kumfundisha mwalimu kazi yake. Lakini ina uwezo wa kuuliza, kuandika na kufuatilia, na uwezo huo ni mkubwa kuliko wengi wanavyoudhania.

Ukatibu wa mwalimu mkuu una faida yake, kwani yeye ndiye mwenye takwimu na ndiye anayezijua nyaraka. Una ugumu wake pia. Anayepanga ajenda na kuandika muhutasari ndiye huyo huyo anayeulizwa masuala. Si lazima awe na nia mbaya. Mtu yeyote aandikapo habari za kazi yake mwenyewe kalamu yake huwa nyepesi mahala fulani na nzito mahala pengine. Dawa yake ni ndogo. Mwenyekiti ahakikishe kwamba muhutasari wa kikao kilichopita unasomwa kwa sauti mbele ya wajumbe kabla ya kuthibitishwa, na nakala moja ibaki mikononi mwake. Wajumbe nao wapeleke mambo wanayotaka yazungumzwe siku kadhaa kabla ya kikao, ili yaingie katika ajenda na yasisubiri kile kipengele cha mwisho cha "mengineyo", ambacho hufikiwa watu wameshaanza kutafuta viatu vyao.

Mkutano mkuu wa wazazi ni mkubwa mno kuwa mahala pa kuanzia. Mzazi mwenye jambo la darasa la tatu husita kulisema mbele ya watu mia mbili. Inashauriwa wazazi wa darasa moja wakutane kwanza wao kwa wao, japo kwa nusu saa, na wamchague mmoja wao wa kuwasemea. Nchi jirani ya Kenya imelitia jambo hili katika Sheria yake ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambapo kila skuli ya umma inatakiwa iwe na chama cha wazazi, na kila darasa liwe na mwakilishi katika uongozi wa chama hicho. Hapa kwetu hakuna kinachowazuia wazazi kufanya hivyo kwa hiari yao. Mwakilishi wa darasa huwajua wazazi wenziwe kwa nyuso, hujua nani amesafiri na nani anauguza, na habari humfikia kabla haijafika ofisini.

Wakati wa kukutana nao unahitaji mazingatio, na hapa ndipo skuli nyingi zinapokosea bila ya kujua. Mkutano huitishwa saa nne asubuhi kwa sababu hiyo ndiyo saa inayomfaa mwalimu. Katika vijiji vya ukanda wa mashariki wa Unguja, kama vile Paje na Jambiani, na katika sehemu nyingi za Pemba, akina mama wengi ni wakulima wa mwani. Siku za bamvua maji hutoka sana wakati huo huo wa asubuhi, na mkulima wa mwani hana hiari, kwani bahari haimngojei mtu. Mkutano ukiitishwa siku hiyo, watakaokosekana ni wale wale wanaoamka alfajiri kumtayarisha mtoto, wanaofua sare zake na wanaojua kama amesoma au hakusoma. Uitishwe siku za maji mafu, na ukumbi utajaa. Vile vile uepukwe mchana wa Ijumaa, na katika Pemba uangaliwe msimu wa karafuu. Aidha, akina mama wafikapo wasiachwe nyuma ya ukumbi kama wasikilizaji. Mwenyekiti anayejua kazi yake huwauliza wao kabla ya wanaume waliokaa mbele.

Lililo muhimu zaidi ni tafauti baina ya lalamiko na hoja. Mzazi akikutana na mwalimu mkuu njiani akamwambia, "Mwalimu, watoto wetu hawasomi," mwalimu ataitikia kwa adabu na maneno yatapeperuka. Hayana pa kushikwa. Lakini mzazi akiyafungua madaftari ya mwanawe na kuangalia tarehe, ataona mwenyewe kwamba somo la hisabati liliandikwa tarehe 3, kisha tarehe 19, na baina yake hapana kitu. Hilo halihitaji mzazi aliyesoma sana. Hata asiyejua Kiingereza kinachosomeshewa sekondari anaweza kusoma tarehe. Wazazi watano wa darasa moja wakilinganisha madaftari wakakuta pengo lile lile, hiyo tayari ni hoja. Mwalimu mkuu ataulizwa vipindi vingapi vimepotea na kwa sababu gani. Yumkini jibu likawa kwamba mwalimu wa somo hilo yuko likizo ya uzazi na hajapatikana wa kumshikia nafasi. Ikiwa ni hivyo, mlango wa kubisha si wa mwalimu mkuu tena, kwa kuwa yeye hagawi walimu. Ni wa Ofisi ya Elimu ya Wilaya, na mwalimu mkuu huyo huyo atakuwa wa mwanzo kufurahi kwamba wazazi wamembebea mzigo wake.

Ipo hofu moja ambayo wazazi huisema kwa kunong'ona, nayo haifai kupuuzwa. Mzazi huchelea kwamba akiuliza sana, mwanawe atachukiwa darasani. Wapo walionyamaza miaka kwa sababu hiyo. Hofu hii haiondoshwi kwa maneno ya kutiana moyo. Inaondoshwa kwa hoja kuwa ya wengi. Barua iliyotiwa saini na mzazi mmoja ina mtoto mmoja nyuma yake, na barua iliyotiwa saini na wazazi thalathini haina mtoto wa kunyooshewa kidole. Kwa hivyo mzazi mwenye jambo asitangulie peke yake ofisini. Atafute kwanza wenziwe wawili au watatu wanaoliona kama anavyoliona yeye. Akiwakosa kabisa, huenda ikawa ni jambo la mwanawe pekee, na hilo lina njia yake ya mazungumzo ya faragha na mwalimu wa darasa.

Barua yenyewe iwe fupi. Mfano ufuatao unaweza kufuatwa na skuli yoyote yenye tatizo la vyoo, tatizo ambalo huwarejesha nyumbani wanafunzi wanawake waliokwishabaleghe siku kadhaa katika kila mwezi:

"Kwa Afisa Elimu wa Wilaya, kupitia kwa Mwalimu Mkuu. Sisi wazazi wa Skuli ya ........, tuliokutana tarehe ........ tukiwa watu ........, tunaeleza kwamba skuli yetu ina wanafunzi wanawake ........ na matundu ya choo yanayotumika ni ......... Maji hayatoki tangu tarehe ......... Kwa mujibu wa daftari la mahudhurio, katika mwezi wa ........ siku zilizopotea kwa wanafunzi wanawake wa kidato cha kwanza na cha pili zilikuwa ......... Tunaomba kupatiwa fundi wa kutengeneza paipu pamoja na tangi la kuhifadhia maji. Sisi wazazi tumekubaliana kuchimba msingi na kusaidia kazi za mikono. Tunaomba jibu kabla ya tarehe ......... Orodha ya majina na saini imeambatanishwa."

Inaonekana kwamba barua hiyo haimtukani mtu wala haimbembelezi mtu. Ina idadi, ina tarehe, inasema kinachotakiwa na nani atafanya nini. Hesabu za mahudhurio zitolewe kwa jumla tu. Majina ya wanafunzi waliokosa skuli kwa sababu kama hizo hayastahiki kuzungushwa maofisini.

Barua ipelekwe kwa mkono ikiwa na nakala. Nakala igongwe muhuri wa masjala wenye tarehe ya kupokelewa, na irudi kwa mwenyekiti. Kama jibu halikupatikana kwa muda wa kiasi, barua ya pili iitaje ya kwanza kwa tarehe yake. Kutoka wilaya, hoja inaweza kupanda hadi mkoa na Makao Makuu ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na kwa upande wa Pemba kupitia Ofisi ya Wizara iliyopo huko. Sheha anafaa kupewa taarifa tokea mwanzo, kwani mengi ya skuli ni ya shehia pia. Diwani na Mwakilishi wa Jimbo waonwe wakati hoja ishaandikwa, wapewe nakala, wasije wakaisikia kwa mara ya kwanza barazani. Kuwarukia wao kabla ya kuonana na mwalimu mkuu huleta uchungu usio na lazima, na mara nyingi hoja hurudishwa ilikotoka.

Kuna wakati wa kuomba pia. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na bajeti za Wizara hujadiliwa na Baraza la Wawakilishi katika miezi ya Mei na Juni. Makadirio huwa yameshaanza kukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Ombi la jengo au vikalio likifika wilayani mwezi wa Juni limechelewa kwa mwaka mzima. Likifika mwishoni mwa mwaka uliotangulia lina nafasi ya kuhesabiwa. Wazazi wengi hukata tamaa kwa jibu la "fedha hakuna" bila ya kujua kwamba waliomba wakati sahani zishapakuliwa.

Kuhusu fedha, wazazi wakikubaliana kwa hiari yao kusaidia jambo fulani la skuli, makubaliano hayo yaandikwe, anayetoa apewe stakabadhi, na hesabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo ambapo kila mtu ataisoma. Asiyeweza kutoa asitajwe, na mwanawe asizuiwe kuingia darasani wala kurejeshwa nyumbani kwa sababu hiyo.

Sehemu hii inayofuata inahitaji kusomwa kwa utulivu. Yapo mambo ambayo hayapiti katika Kamati ya Skuli hata kidogo. Mtoto akidhalilishwa, awe amedhalilishwa na mwalimu, na mwanafunzi mwenzake au na mtu wa njiani, kadhia hiyo si ya ajenda wala ya muhutasari. Haiundiwi kikao cha suluhu, haisubiri mkutano wa mwezi ujao, na wala haimalizwi kwa kuhamishwa mtu kutoka skuli moja kwenda nyengine. Hupelekwa siku hiyo hiyo Polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au katika Kituo cha Mkono kwa Mkono kilichopo hospitali, ambako mtoto hupata matibabu, ushauri na hatua za kisheria katika sehemu moja. Sheria ya Mtoto Nam. 6 ya mwaka 2011 imemlinda mtoto, lakini sheria haina miguu ya kwenda nyumbani kwa mtu kumchukua. Kinachoizuia ni muhali, kwamba huyu ni jamaa, yule ni jirani, na huyu baba yake alitusomesha. Mjumbe wa kamati anayeletewa habari kama hiyo ana kazi moja tu, nayo ni kumsindikiza mzazi kwenda panapohusika.

Wazazi wa watoto wenye ulemavu wametoa somo ambalo wengine wanaweza kulichukua. Zamani mtoto mwenye ulemavu wa akili alibaki ndani, na mzazi wake akiona kuwa ni siri ya nyumba yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya wazazi na wenye kuwatakia kheri waliungana katika Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar, inayojulikana kwa jina la ZAPDD. Hawakuanza kwa kudai skuli za peke yao. Walidai watoto wao waingie skuli zile zile za jirani wanazosoma ndugu zao, na katika miaka ya 2000 wakashirikiana na Wizara katika kuanzisha elimu mjumuisho, iliyoanza katika skuli chache za majaribio kisha ikatanuka. Mzazi mmoja mmoja alikuwa akijibiwa kwamba skuli haina nafasi ya mtoto wa namna hiyo. Walipokuja pamoja, suala likageuka: skuli ifanywe nini ili nafasi ipatikane?

Watumishi wa Serikali nao wanakumbushwa kwamba mzazi anayeuliza si mkorofi, na kwamba barua ya wazazi si mashitaka dhidi ya ofisi. Ipokewe, igongwe muhuri, ifunguliwe faili na ijibiwe. Ikiwa jibu ni hapana, liandikwe hapana pamoja na sababu yake. Mzazi anayeelezwa kwa maandishi kwamba skuli yake haimo katika orodha ya mwaka huu anajua la kufanya mwakani. Anayeambiwa "rudi wiki ijayo" mara tano hajui lolote, na nauli yake imekwisha. Na kwa kuwa kila mtumishi ni mzazi au mlezi wa mtu, itakuwa si vibaya akijiuliza mara ya mwisho alifika lini katika mkutano wa skuli ya mwanawe.

Jambo la mwisho ni jalada. Wazazi hupita, kwani mtoto akimaliza skuli na mzazi huondoka kamatini, na mara nyingi huondoka na karatasi zote zikiwa zimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki kabatini kwake. Kamati mpya huanza upya kuandika ombi lililokwishaandikwa mara tatu. Mwenyekiti anayemaliza muda wake anatakiwa akabidhi kwa orodha mbele ya wajumbe: mihutasari, nakala za barua zenye muhuri, majibu yaliyopokelewa na hesabu za fedha. Anayepokea atie saini, na orodha hiyo ibaki ofisini kwa mwalimu mkuu.